Masizi Hayamjui Mtu

Mwanangu Mwanaidi,

Barua nilizofundishwa shuleni zilianza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda Mikumi mjini kwa mama yako mdogo akakunyoe, maana shule unayokwenda haitaki nywele ndefu. Jua bado liko juu. Nina daftari lako la darasa la saba lenye kurasa nyeupe nyuma, nina kalamu, na nina muda mpaka mama yako mdogo amalize maneno yake, na unajua maneno yake hayaishi upesi.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukiona mistari imepanda mlima usicheke. Habari ya kufua, kula, kuswali, kuchagua marafiki, hayo nimekwambia wiki nzima mpaka juzi ukanijibu, "Mama, hayo ningeweza kukusomea wewe." Sawa. Siyaandiki. Hii usiisome ndani ya basi. Isome ukishafika Iringa, umekaa kwenye kitanda chako, mlango umefungwa.

Ni habari ya mikono yako.

Wiki tatu zilizopita mke wa yule mwalimu mgeni alipita hapa na mtoto wake mchanga. Alitaka kufunga kanga yake vizuri, akakunyooshea mtoto umshikie. Ukaficha mikono nyuma, ukasema ina unga. Haikuwa na unga, mwanangu, nilikuwa nakutazama. Yule dada hajui habari za hapa, akacheka tu, akamweka mtoto begani. Mimi sikucheka. Siku ya pili yake tukiwa shambani ukaniuliza, umeinama hivyohivyo na jembe, "Mama, uchawi mtu anaurithi kwa baba au kwa mama?" Nikakwambia palilia.

Hilo ndilo jibu ulilopata kwangu. Palilia.

Watoto wenzako wamekuita mjukuu wa mchawi tangu darasa la tatu, nami nilikuwa nakwambia uwapuuze, kana kwamba ni mbu. Nilikwambia pia kwamba bibi yako mzaa baba alihama mwenyewe, amekwenda kukaa na kaka zake Lumuma, na huko akafa kwa homa. Hakuhama mwenyewe na hakwenda Lumuma. Na uchawi hakuwa nao, wala wewe huna, na mtu anayelijua hilo kuliko wote hapa duniani ni mimi, kwa sababu kilichomfukuza kilitoka kwenye mikono yangu.

Itabidi nianzie mbali kidogo. Vumilia.

Babu yako mzaa mama hukumkuta. Alikuja Kilosa kijana kutoka kusini, kukata mkonge kwa mkataba, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Siku za Jumapili alikuwa akifanya mazingaombwe pale kambini, mbele ya nyumba za wafanyakazi. Si kama yale ya wale watu waliokuja shuleni kwenu na suti nyeusi na sanduku la kumkatia mtu msumeno. Yeye alikuwa na leso moja, kipande cha katani na glasi iliyoibwa mahali. Alisema, "Mwenye sanduku, watu wanatazama sanduku. Mimi sina sanduku, itabidi wanitazame mimi."

Michezo yake mitatu unaijua, nilikufundisha mwaka ule wa mvua nyingi tulipofungiwa ndani. Najua umeipanga kwenye sanduku lako chini ya sare, niliona leso. Sikukatazi. Ni michezo ambayo watu huipuuza wakisimuliwa, na wakiiona hulala wakiifikiria. Ule wa njiti ya kiberiti iliyokwisha kushonewa ndani ya pindo la leso: unafunga njiti nyingine katikati mbele ya macho yao, unampa mtu aivunje yeye mwenyewe kwa vidole vyake, anaisikia inavyolia, kumbe anavunja ile ya kwenye pindo. Unakung'uta leso, njiti inaanguka nzima. Kosa lako ni lile la siku zote, una haraka ya kukung'uta. Mwache kwanza ajue ameivunja. Mpe muda ajutie.

Ule wa glasi ya maji iliyofunikwa kwa karatasi na kupinduliwa, usiufanye juu ya kitabu cha mtu. Hilo tu.

Na ule wa kamba. Ulikuwa na miaka minane, nikakwambia shika ncha mbili za kamba, funga fundo bila kuachia hata moja. Ulihangaika mpaka ukalia na ukanirushia kamba. Siri yake ni kukunja mikono kifuani kwanza, halafu ndipo ushike ncha. Ukiikunjua, fundo lililokuwa kwenye mikono linahamia kwenye kamba. Ulipouweza ulikwenda kumwonesha Bibi, naye akasema, "Mtoto huyu atakuja kuwafunga wengi." Alikupenda sana yule mama. Alikuwa hanipendi mimi, na hilo si siri, lakini wewe alikupenda.

Sasa sikia jambo moja kuhusu babu yako. Kila mchezo, kabla hajauanza, aliinua viganja vyake juu watu wavione, akasema, "Hii ni mikono ya mkata mkonge. Haina jini, haina dawa, ina sugu tu." Kila mara. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, nikamwambia, "Baba, unawaharibia. Wangeogopa kidogo ingependeza zaidi." Akaniangalia. Akasema, "Hapa kambini kuna watu waliofukuzwa kwao kwa neno la uchawi. Wewe unataka waende kulala wanamwogopa nani?"

Nilimwelewa kwa sikio. Kwa moyo nilikuwa naona anaharibu tu.

Kuna mchezo wake wa nne, ambao sikukufundisha, na ulipouliza babu alikuwa na mingapi nilisema mitatu. Ndio huu. Unachukua masizi ya chini ya sufuria, unayasaga mpaka yawe laini kama poda. Unamimina maji safi kwenye beseni jeupe, unanyunyiza masizi juu, yanaelea, maji yote yanakuwa meusi. Mtu akitumbukiza ncha ya kidole, hakuna kitu, kidole kinachafuka tu. Lakini kidole kikiwa kimepakwa sabuni kidogo, hata sabuni iliyokauka isiyoonekana, kikigusa tu yale maji masizi yanakimbia. Yanakimbia kama kuku walioona mwewe, mpaka ukingoni mwa beseni, katikati panabaki peupe. Babu yako hakujua kwa nini. Mwalimu wako wa sayansi huko labda atakwambia. Ni sabuni, Mwanaidi. Maji, masizi na sabuni. Hakuna kingine ndani yake na hakujawahi kuwa na kingine.

Nilikuzaa nina miaka kumi na sita. Baba yako alikuwa mtu wa tambarare, watu wenye mashamba yao ya siku nyingi, na mama yake aliniona mimi mtoto wa kambi, mtu asiye na kwao. Hayo yalipita, tukaishi. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Wewe unakumbuka lori, uliona ni raha, ulikaa juu ya magunia ukiimba. Tukashushwa hapa karibu na barabara, nyumba zimepangwa mstari kama shule, jirani yako wa kulia hujui alikotoka na wa kushoto hujui ameyaacha makaburi ya nani. Bomba lilikuwa moja. Wanawake tulisimama pale asubuhi na ndoo zetu bila hata kusalimiana vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilikuwa mpweke mpaka naongea na sufuria.

Siku moja nikaenda bombani na beseni na masizi.

Mwanzoni nilifanya vizuri tu, wakashangaa, wakacheka. Lakini maneno ya baba yangu, yale ya sugu, sikuyasema. Niliona yataharibu. Na si hivyo tu, nikatia yangu. Nilikuwa na kipande cha sabuni kwenye pindo la kanga, nikawa namsalimia mtu kwa mkono na kumpaka ncha ya kidole bila yeye kujua, halafu nasema, "Haya masizi yanamjua mtu. Yanamkimbia mwenye neno moyoni." Wa kwanza kumpaka alikuwa Mama Shomari. Masizi yakakimbia.

"He, mwenzetu una neno," wakamwambia.

"Ninalo," akasema. "Nani kachukua mfuniko wa sufuria yangu siku ya lori? Hilo ndilo neno langu, na halijaniisha."

Tulicheka mpaka foleni ikavurugika. Kesho yake wakanisubiri. Nikawa na jina pale bombani, wananiachia nafasi ya mbele. "Mama Mwanaidi, leo mpime huyu, mumewe hajarudi siku mbili, tuone kama ana neno." Na mmoja wao akasema, "Siku moja mlete mkweo tumpime. Tunaona anavyokutazama." Nami nikacheka, Mwanaidi. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameniambia uji wangu ni wa kambini.

Baada ya kama mwaka mmoja sabuni ikatoweka dukani, na mchezo ukaisha wenyewe. Nilidhani umesahaulika. Mchezo watu huusahau kweli, lakini lile neno hawakulisahau. Nilisema "mwenye neno", nikimaanisha mtu mwenye donge, mwenye kinyongo kidogo. Lilipozunguka kijiji mwaka mzima bila mimi kuwepo, likawa "mwenye jambo". Likawa "mwenye jicho".

Ikaja surua. Unakumbuka wewe uliugua ukapona. Watoto watatu hawakupona, na wa kwanza alikuwa Shomari mwenyewe. Zahanati haikuwa na kitu. Wanawake wakakaa msibani, wakaanza kuhesabu nani alipita nyumba ipi, nani alimsifia mtoto wa nani kwamba kanenepa. Ndipo wakaja kwangu, watano, na Mama Shomari katikati yao. Mkubwa wao akasema, "Tunaomba beseni lako."

Nikawaambia ule ni mchezo tu.

"Sawa, ni mchezo," akasema. "Basi hautamdhuru asiye na kitu."

Sasa hapa uone jinsi nilivyojiona mjanja. Nilifikiri: kijiji kizima hakina sabuni, watu wanafulia majivu miezi mingi. Nikikataa watasema naficha mtu. Nikikubali, watatumbukiza vidole wote, hakitakimbia kitu, watapoa, watarudi kuzika huzuni yao. Nikaona naokoa. Nikabeba beseni mwenyewe mpaka uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Nikasaga masizi mwenyewe.

Nilisahau nyumba moja yenye sabuni. Ilikuwa yangu.

Baba yako wakati ule ndiye alikuwa muuza duka la kijiji. Zilipokuja bidhaa mara ya mwisho kulikuwa na miche michache ya sabuni, akabana mmoja kabla ya mgao. Nilimwomba mimi. Sitaki umlaumu peke yake, niliomba mimi, nilichoka kunuka majivu. Tukauficha kwenye mtungi wa mtama na hatukumwambia hata mama yake. Asubuhi ile bibi yako akaenda kuchota mtama akaukuta. Wewe shuleni walikuwa wamewaambia mwalimu mkuu atakagua sare. Akakaa nyuma ya nyumba akakufulia sare yako kwa sabuni, taratibu, kwa raha zake, na walipokuja kuwaita wanawake uwanjani akaifuta mikono kwenye kanga akaja.

Wameshapita wengi. Kila mtu anatumbukiza kidole, kinatoka cheusi, anakionesha, watu wanashusha pumzi. Nilikuwa nimeanza kutulia. Bibi yako akafika mwisho, amechangamka, akaninong'oneza karibu na sikio, "Mtoto atakuwa safi leo kuliko wote." Na mimi niliyeshika beseni nikasikia harufu kwenye mikono yake.

Nilijua. Kidole kilikuwa bado hakijagusa maji, nami nilijua.

Nimeishi na ule muda mfupi miaka minne. Ningeweza kusema, "Mama, kanawe kwanza." Lakini wangeuliza kwa nini anawe, ana nini mkononi, na sabuni mmeipata wapi, wakati watoto wetu wamekufa wamefungwa kwenye nguo za majivu. Baba yako angefungwa kwa ulanguzi. Hayo niliyafikiria yote, haraka sana, kichwa kilifanya kazi vizuri. Ila kuna jambo ambalo sikulifikiria mpaka kesho yake. Ningeweza kujikwaa. Beseni lingemwagika, tungecheka au tungegombana, ingekuwa jioni, angekuwa amenawa. Kujikwaa hakuhitaji elimu wala ushujaa. Nilisimama imara, mwanangu. Nililishika lile beseni lisitikisike.

Masizi yakakimbia mpaka ukingoni.

Watu wanadhani siku kama ile kuna makelele. Hakukuwa na makelele. Mama Shomari alisogea akasimama mbele yake, akamwamkia kwanza, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kwangu ulikosa nini?"

Bibi yako akalitazama beseni, akakitazama kidole chake, kilikuwa safi. Akasema, "Sijui, mwanangu."

Hawakumpiga. Wazee walikaa, wakasema aondoke kabla ya Ijumaa, na vijana wakaezua kibanda chake nyasi. Nilimwambia baba yako jioni ileile, ni sabuni, nikamwonesha kwenye bakuli. Akasema, "Tusubiri wapoe." Siku ya Alhamisi akambebea mama yake mzigo mpaka barabarani, akarudi, siku mbili hakula. Hawakupoa, na sisi tukaendelea kusubiri. Duka likaja kupewa mtu mwingine kwa mambo mengine kabisa, na bado tukasubiri.

Lumuma kwa kaka zake habari zilikuwa zimemtangulia, hawakumtaka. Alikwenda kukaa Kilangali kwa mtoto wa dada yake anayefanya kibarua kwenye shamba la mbegu. Nilimfuata baada ya miezi mitano. Wewe nilikwambia nakwenda kliniki. Nilimkuta amekaa chini anachagua mbegu za mpunga, amekonda, na watu wa pale walimwekea sahani yake peke yake. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikamwomba maji kwenye bakuli, nikachukua masizi kwenye sufuria yao, nikatoa kipande cha sabuni, nikamwonesha. Mara mbili. Mara ya tatu nikampaka yeye kidole, nikakigusisha majini. Kisha nikamnawisha, nikabadilisha maji, nikakigusisha tena, na masizi yakatulia.

Akasema, "Kwa hiyo sikuwaua?"

"Hukuwaua, Mama. Ilikuwa surua."

"Una hakika?" akasema. "Maana nilikuwa nimeanza kukumbuka."

Mwanaidi, hilo ndilo lililonifanya niandike. Yule mama alikaa miezi mitano akijitafuta. Alijiuliza amewaua kwa njia gani, kwa nini, lini, na kwa kuwa hakupata akaanza kujitungia, mpaka akawa anakumbuka kuingia nyumba ambazo hakuingia. Mtu akiambiwa na watu wengi kwamba mikono yake ina kitu, mwishowe ataanza kukihisi. Wewe umeanza. Nilikuona ukiificha.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu anajua?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Akarudi kwenye mbegu zake. Alichagua kama kiganja kizima. Mwisho akasema, hakuniangalia, "Nenda kawaambie." Nikasema nitawaambia. Masika yalipoingia akafa, wakamzika hukohuko Kilangali, nasi tulipata habari baada ya wiki. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Nilijidanganya kila mwaka kwa sababu mpya. Safari hii sababu ilikuwa nakusubiri wewe umalize darasa la saba, nisikuharibie. Na ulipochaguliwa nikaona, basi, sababu zimekwisha. Ukienda na mimi nimenyamaza, utakwenda na ile mikono ya nyuma. Utaificha huko pia, na mahali penye watoto wa watu wengi anayeficha mikono huulizwa ameficha nini.

Jana asubuhi, ulipokwenda na baba yako kununua sanduku la bati, nilichukua beseni nikaenda bombani. Nikainua viganja kama baba yangu, nikasema yale maneno, nikayabadilisha kidogo kwa kuwa mimi si mkata mkonge. Nikawaonesha. Nikawapa sabuni mikononi mwao, wakapakana wenyewe, kila mmoja akayakimbiza masizi. Nikawaambia sabuni ya siku ile ilitoka wapi na niliinusa lini. Sikuficha kitu.

Mama Shomari alikuwepo. Alijaribu mara moja, akayatazama yanavyokimbia, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu aliuawa na nani?"

"Surua, mwenzangu."

"Surua," akasema. Miaka minne alikuwa na mtu wa kumchukia, nami nilimnyang'anya na sikumpa kitu badala yake. Alimwaga lile beseni miguuni pangu, akachukua ndoo yake, akaondoka bila maji.

Wengine wanne watano waliniamini. Mmoja alilia, kwa sababu mumewe alikuwa miongoni mwa walioezua. Lakini wapo waliorudi nyumbani na hesabu nyingine. Jana mchana ikanifikia: anayejua kuyaamuru masizi yamkimbie amtakaye, huyo ndiye mwenyewe, na yule bibi alisingiziwa tu. Nilikwenda kumtoa bibi yako na nimekaa mahali pake. Mwenyekiti ametuita mimi na baba yako Ijumaa, kwa habari ya sabuni na kwa habari hiyo nyingine.

Baba yako jana aliniambia, "Umetumaliza." Lakini leo asubuhi ulipokuwa unapanga nguo, alinifuata jikoni akaniuliza, "Siku ile Kilangali, alisema nini?" Hakuwahi kuniuliza miaka yote. Nikamwambia yote, hata lile la mbegu. Akatoka nje akasimama nyuma ya nyumba. Kama ulimwona siku ya kuondoka ana macho mekundu, ni kwa sababu hiyo, na usimchukie leo wala kesho. Ukimchukia baadaye ni haki yako. Hata mimi.

Sasa sikiliza, hapa sikubembelezi, nakuamuru. Likizo ikifika usije huku. Nimemwandikia mjomba wako wa Munisagara. Utapanda basi mpaka Morogoro, utachukua treni ya bara, atakupokea stesheni. Basi litapita hapa Mikumi, na utayaona mapaa ya kijiji upande wa kushoto. Usishuke. Hata ukiniona nimesimama barabarani, usishuke, mpaka nikuandikie mwenyewe kwa mwandiko huu mbaya kwamba pametulia.

Mazingaombwe fanya. Wenzako watayapenda, na mgeni anahitaji kitu cha kuchezea na watu, mimi hilo nalijua. Huo wa nne pia sasa ni wako, lakini usimalize siku bila kuwafundisha siri yake. Na mchezo wowote usiupe neno linalomsema mtu. Sema njiti, sema kamba, sema maji. Mtu mwache.

Na ukiulizwa na yeyote, bibi yako alikuwa Chausiku. Hakuna aliyelitaja jina hilo hapa miaka minne. Litaje wewe.

Sikuombi unisamehe, hujapata hata nafasi ya kukasirika. Naomba uandike. Hata kama ni ya kunitukana, andika, itie kwenye bahasha, jina langu juu yake kwa herufi kubwa. Barua za hapa huletwa ofisi ya kijiji, na katibu husimama mlangoni akaita majina mbele ya watu wote. Nataka siku hiyo asimame, aite Zainabu, Mama Mwanaidi, na wote wakiwa wanasikiliza, niitike.

Mama yako